Nyota Zisizotulia: Historia Iliyoanzia Ngomeni

Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970, saa nane kasoro dakika saba mchana, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti yenye uzito wa kilo 140 hivi. Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 tangu ijitawale, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, akapendekeza setilaiti iitwe Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Katika muda huo mfupi iligeuza juu chini karibu kila kitu ambacho wanajimu walidhani wanakijua kuhusu nyota zinazotoa eksirei.

Naandika kutoka Merigi, kwenye nyanda za chai za Bomet, ambazo mwaka ule zilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kericho. Chai ya wakulima wadogo ilikuwa changa. KTDA, shirika lililosimamia chai hiyo, ilikuwa imeundwa mwaka 1964, na aliyepeleka majani yake kwenye kituo cha kununulia hakuwa na njia ya kujua kwamba upande wa pili wa nchi, baharini, kulikuwa kunaanza sura mpya ya elimu ya anga. Hilo halishangazi. Kinachoniumiza ni kwamba hata leo ni wachache wanaojua. Mtoto wa shule wa Kenya anafundishwa mafuvu ya Turkana na anajivunia, na ana haki. Uhuru ya angani inastahili nafasi hiyo hiyo, kwa sababu hapa ndipo ulipoanza ujuzi wa kusoma nyota za eksirei kwa jinsi mwanga wake unavyopanda na kushuka, na ujuzi huo hadi leo unapitia Malindi.

Merigi iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na faida ya kuishi hapa ni kwamba tunapata anga la kaskazini na la kusini kwa pamoja. Mwezi Juni, mawingu yakipasuka mwendo wa saa tatu usiku, ukitazama kusini utauona Msalaba wa Kusini, na kulia kwake kidogo ndipo ilipo nyota ya eksirei iitwayo Centaurus X-3. Ukigeukia kaskazini mashariki, kundi la nyota la Hercules limekwisha kupanda, na ndani yake imo Hercules X-1. Hizi mbili ndizo mama wa habari yote hii. Jicho tupu halizioni. Eksirei zake nazo hazifiki ardhini kabisa: hewa inazimeza zote juu kabisa, hata ungepanda kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, usingeambulia hata chembe moja. Kwa hiyo ililazimu chombo kitoke nje ya hewa.

Watu wa huku hawakungoja vyombo ili wajue kwamba anga lina habari. Wanandi, ndugu zetu sisi Wakipsigis, waliiita Kilimia kwa jina la Koremerik, na kwa kuonekana au kutoonekana kwake walikadiria kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. A. C. Hollis aliliandika jambo hilo katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909. Kumbuka Kilimia, maana karibu na hapo, katika kundi lile lile la Ng'ombe Dume, kuna nyota nyingine ambayo habari zake zitakuja mbele.

Kabla ya Ngomeni kulikuwa na White Sands. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, katika jangwa la New Mexico, Riccardo Giacconi, Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi walirusha roketi ndogo aina ya Aerobee wakitafuta eksirei zinazotoka Mwezini. Roketi ile ilikaa juu ya hewa nzito kwa dakika zisizotimia 6, kisha ikaanguka. Mwezini hawakuona walichokitafuta, lakini upande wa kundi la Nge walikuta chanzo chenye nguvu kupita matarajio yote. Wakakiita Scorpius X-1. Miaka iliyofuata vikundi kadhaa vilirusha roketi na maputo, na orodha ikafika dazeni chache za vyanzo. Tatizo lilikuwa muda. Kwa dakika 5 unaweza kujua kwamba taa inawaka. Huwezi kujua kama kesho itakuwa imezima, wala kama huwa inazimika kila baada ya siku mbili. Watu walikuwa wanapiga picha ya kitu ambacho tabia yake yote imo katika mwendo.

Giacconi akataka setilaiti, na setilaiti ikahitaji mahali pa kurushia. Hapo ndipo Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma anapoingia. Alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona la ajabu: kurusha roketi kutoka baharini, kwenye majukwaa ya chuma kama yale ya kuchimbia mafuta, karibu na ikweta. Italia ilianza kwa kurusha San Marco 1 kutoka Wallops, Virginia, mwezi Desemba 1964. Kisha majukwaa mawili yakasimamishwa Ungwana. Lililoitwa San Marco lilikuwa la kurushia. Lililoitwa Santa Rita, ambalo zamani lilikuwa la kutafutia mafuta, likawa la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka hapo, na Kenya ikawa na bandari ya kwenda angani kabla nchi nyingi tajiri hazijafikiria jambo hilo.

Ikweta ilikuwa na thamani mbili. Ya kwanza inajulikana: hapa Dunia inazunguka kwa kasi kuliko popote, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapewa kasi hiyo bure. Scout ilikuwa roketi ndogo, kila kilo ilihesabiwa. Ya pili ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi kwa Giacconi. Juu ya Atlantiki ya Kusini mikanda ya chembe za umeme inayoizunguka Dunia inashuka chini sana, na setilaiti ikipita hapo vihesabio vyake vya eksirei hujaa kelele. Ukirusha kutoka Ngomeni, setilaiti inaweza kuzunguka karibu sambamba na ikweta na kulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa. Uhuru ilizunguka kwa mwinamo wa digrii 3 tu, kilomita zaidi ya 500 juu, ikikamilisha mzunguko mmoja kwa dakika 96 hivi. Hiyo ndiyo sababu mashine iliyoundwa Marekani ilisafirishwa hadi pwani ya Kenya, na ndiyo ikawa setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na wafanyakazi wa nchi nyingine. Waliobonyeza vitufe walikuwa Waitaliano. Wakenya waliofanya kazi majukwaani hawatajwi kwa majina katika taarifa za ugunduzi, na natamani siku moja mtu wa Ngomeni aiandike sehemu hiyo kabla wazee waliokuwapo hawajaisha.

Chombo chenyewe kilikuwa rahisi. Masanduku mawili ya gesi yalitazama pande zinazopingana, kila moja lenye uso wa sentimita za mraba 840, na mbele yake vijitundu vya chuma vilivyoruhusu eksirei za upande mmoja tu ziingie. Eksirei ikiingia inaigonga gesi, umeme kidogo unazaliwa, na hesabu inaongezeka kwa moja. Hakuna kioo wala picha. Kilichotua ardhini kilikuwa safu za namba. Setilaiti ilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12 hivi, masanduku yakifagia mbingu. Na kwa kuwa uzungushaji huo uliweza kupunguzwa kasi, wanasayansi wangeweza kukitazama chanzo kimoja kwa muda mrefu zaidi kila kilipopita. Uwezo huo mdogo ndio uliozaa kila kitu kilichofuata.

Mwanzoni mwa 1971 namba za Centaurus X-3 zilianza kuonyesha jambo geni. Hazikuwa zinapanda na kushuka ovyo kama za vyanzo vingine. Zilipiga: juu, chini, juu, chini, kila baada ya sekunde 4.84. Miaka mitatu kabla yake, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alikuwa amegundua pulsa za redio, yaani vyanzo vya mawimbi ya redio vinavyopiga kwa utaratibu, na dunia ya wanajimu ilikuwa imekubali kwamba hizo ni nyota za nyutroni, mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka, kila moja ikiwa na uzito unaozidi wa Jua uliobanwa ndani ya tufe la kilomita 20 na kitu kutoka upande hadi upande. Kwa hiyo Giacconi na wenzake, Gursky, Edwin Kellogg, Ethan Schreier na Harvey Tananbaum, walipochapisha habari ya mapigo yale mwaka 1971, jawabu la haraka lingekuwa kusema kwamba wamepata pulsa nyingine.

Lakini kulikuwa na kasoro mbili, na uzuri wa historia hii umo katika namna walivyozichukulia. Kwanza, mapigo hayakutulia. Sekunde 4.84 zilikuwa zinarefuka na kufupika, kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Pili, kuna nyakati chanzo kilififia hadi sehemu moja ya kumi ndani ya saa moja, kikabaki hafifu kwa karibu nusu siku, kisha kikarudi. Mtu mwenye haraka angesema kifaa kibovu. Wao walipanga tarehe. Kufifia kulikuja kila baada ya siku 2.087, yaani siku mbili na saa mbili hivi, bila kukosa. Na kurefuka na kufupika kwa mapigo kulifuata kalenda hiyo hiyo: katikati ya kipindi cha giza na katikati ya kipindi cha mwanga mapigo yalikuwa ya wastani, na robo ya safari kabla na baada yalikuwa mafupi kabisa au marefu kabisa.

Hapo maana ikajifungua yenyewe. Kitu kinachopiga kwa utaratibu kikija upande wako mapigo yake yanakufikia yakiwa yamekaribiana. Kikienda mbali yanaachana. Centaurus X-3 ilikuwa inazunguka kitu kingine kwa kasi ya kilomita zipatazo 415 kwa sekunde, na kila baada ya siku mbili ilipita nyuma ya kitu hicho na kufichwa. Kiangaza kidogo na jitu lililo karibu nacho. Schreier na wenzake walichapisha hesabu hizo mwaka 1972. Baadaye Wojciech Krzemiński aliliona jitu lenyewe kwa darubini ya kawaida: nyota ya buluu yenye uzito wa mara 20 hivi wa Jua. Kutoka kwenye namba za sanduku la gesi, bila picha yoyote, watu walikuwa wamepima mzingo wa nyota iliyo mbali kwa zaidi ya miaka 20,000 ya nuru.

Kulikuwa na jambo la tatu. Pulsa za redio huchoka: kila mwaka zinapunguza mwendo kidogo, kwa sababu mwanga wao unalipwa na mzunguko wao. Centaurus X-3, ilipofuatiliwa kwa miezi, ilikuwa inaongeza mwendo. Kitu kinachotoa nguvu nyingi vile na bado kinazidi kuharakisha hakiwezi kuwa kinakula akiba yake. Kuna kinachokilisha.

Chakula chenyewe ni gesi ya nyota jirani. Jitu linapovimba, au linapopeperusha upepo wake, sehemu ya gesi hiyo inanaswa na mvutano wa nyota ya nyutroni. Haianguki moja kwa moja. Inazunguka kwanza, mara nyingi katika diski pana, ikishuka polepole, hadi inapofika mahali ambapo usumaku wa nyota unazidi nguvu zake. Usumaku huo hauna mfano katika maisha yetu: ni mara trilioni kadhaa ya ule unaogeuza sindano ya dira. Gesi inalazimika kufuata mistari ya sumaku na kuporomoka kwenye ncha mbili za nyota, ikigonga uso kwa kasi ya karibu nusu ya mwendo wa mwanga. Gramu moja ikianguka hivyo inatoa nishati zaidi ya mara 10 kuliko gramu hiyo hiyo ya hidrojeni ikiunguzwa ndani ya Jua. Ncha zinapata joto la mamilioni ya digrii na kung'aa kwa eksirei. Na kwa kuwa ncha za sumaku hazilingani na mhimili wa kujizungusha, sisi tunaona alichokiona kila mkulima aliyechelewa kituoni usiku: mlinzi anazunguka na tochi, na kila inapoelekea kwako unamulikwa, kisha giza.

Hivyo mwangaza wa nyota hizi una tabaka kadhaa za mabadiliko juu ya nyingine. Kuna pigo la sekunde, ambalo ni kujizungusha. Kuna kupatwa kwa siku, ambako ni mzingo. Na kuna kupanda na kushuka kunakotokana na kiasi cha gesi inayofika, ambako hakuna kalenda kamili. Ukitazama mara moja, vyote vimechanganyika. Ukitazama kwa miezi, vinaachana, na kila tabaka linakueleza sehemu yake ya mashine.

Hercules X-1 ilikuja kuongeza tabaka ambalo hakuna aliyelitarajia. Tananbaum na wenzake walitangaza mwaka 1972 kwamba inapiga kila sekunde 1.24 na inazunguka jirani yake kwa siku 1.7. Hayo yalikuwa yamekwisha kuzoeleka. Lakini juu yake, chanzo chote kinawaka kwa siku kama 11 hivi, kisha kinafifia, na mzunguko wote unarudi baada ya siku 35. Ni nini kinachochukua siku 35? Maelezo yaliyoshinda ni kwamba diski ya gesi imepinda na imeinama, na inayumba polepole mithili ya pia inayokaribia kuanguka, ikitukinga tusione kitovu kisha ikitufunulia. Taa yenyewe haikuzima. Kilichopita mbele yake ni chakula chake.

Ushahidi wa hilo ulikuwa mzuri sana. Jirani wa Hercules X-1 ni nyota iitwayo HZ Herculis, ambayo Cuno Hoffmeister wa Sonneberg, Ujerumani, alikuwa ameiorodhesha tangu mwaka 1936 kuwa nyota inayobadilika, pasipo kujua sababu. Mwaka 1972 John na Neta Bahcall walionyesha kwamba nyota hiyo inang'aa na kufifia kwa siku 1.7, kwa kuwa upande wake unaoitazama nyota ya nyutroni unaunguzwa na eksirei. Na upande huo unaendelea kuunguzwa hata katika siku ambazo sisi hatuoni eksirei. Jirani alikuwa anamulikwa wakati wote. Zaidi ya hapo, watafiti walifukua sahani za picha za zamani za mbinguni na kukuta kwamba kuna miaka ambayo HZ Herculis ilitulia kabisa, kana kwamba ulishaji ulikuwa umekatika. Mwaka 1976 kundi la Joachim Trümper lilirusha puto lenye vihesabio na kukuta katika mwanga wa Hercules X-1 alama iliyoachwa na elektroni zinazozunguka kwenye sumaku kali. Ilikuwa mara ya kwanza usumaku wa nyota ya nyutroni kupimwa moja kwa moja.

Ngomeni haikuishia kwa Uhuru. SAS-2 ilirushwa Novemba 1972 kwa ajili ya mionzi ya gama. Ariel 5 ya Uingereza ilipaa tarehe 15 Oktoba 1974, na SAS-3 tarehe 7 Mei 1975. Hizi mbili za mwisho ndizo zilizopanua familia ya nyota zisizotulia, na naomba msomaji azikumbuke kwa majina, kwa maana zote mbili zilitoka katika maji yetu.

Ariel 5 ndiyo iliyokuta A0535+26 mwaka 1975, katika kundi la Ng'ombe Dume, lile lenye Kilimia. Chanzo hicho hakikuwa katika orodha yoyote. Kilizuka kikawa kiangavu kuliko karibu vyote, kikapiga kila sekunde 104, kisha kikazama. Jirani yake ni nyota inayojizungusha kwa kasi hadi inatupa gesi kiunoni na kujijengea pete. Nyota ya nyutroni inamzunguka kwa njia ndefu ya duaradufu, siku 111 kwa mzunguko mmoja, na inapokaribia inachota kwenye pete. Pete ikiwa nene, tunaona mwako. Ikiwa imekonda, msimu unapita kimya. Mwezi Novemba 2020 pete ilikuwa imenenepa mno, na A0535+26 ikawaka kuliko ilivyowahi kuonekana tangu igunduliwe. Mkulima wa chai hahitaji kuelezwa sana kuhusu misimu inayorudi kwa wakati lakini isiyoleta kiasi kile kile.

SAS-3 iliyakuta mapigo ya Vela X-1, sekunde 283, kwenye nyota inayolishwa na upepo wa jitu. Upepo huo una mabonge, na Vela X-1 inalipuka au inakatika ghafla kwa mapigo kadhaa kufuatana na bonge au pengo lililoifikia. SAS-3 pia iligundua mapigo ya 4U 0115+63 na ya 4U 1626-67. Herufi U katika majina hayo inatoka kwenye orodha ya nne ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Kila mwanajimu duniani anayeandika 4U anaandika jina tuliloliimba sisi mwaka 1963.

Roketi ya mwisho ya Scout kutoka San Marco iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Baada yake majukwaa yakaanza kupata kutu. Wengi husema hapo ndipo habari ilipokwisha, na nadhani wanakosea. Kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kinaitwa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, kilibaki na antena zake, na antena zilizoko karibu na ikweta ni hazina kwa setilaiti yoyote inayozunguka sambamba na ikweta. BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, iliyorushwa mwaka 1996, ilishusha namba zake Malindi. Swift, tangu 2004, inashusha Malindi. AGILE, 2007, Malindi. NuSTAR, 2012, Malindi.

NuSTAR ndiyo iliyoleta mshtuko mkubwa kuliko wote. Mwezi Januari 2014 nyota ililipuka katika galaksi ya M82, iliyo mbali kwa miaka milioni 12 ya nuru, na vyombo vingi vikageuziwa huko. Matteo Bachetti, Mtaliano, alipozichambua namba za NuSTAR alikuta pigo la sekunde 1.37 ambalo halikutokana na mlipuko ule. Lilitoka M82 X-2, chanzo ambacho watu walidhani ni shimo jeusi kwa sababu ya ukali wake: nguvu za Jua mara milioni 10. Shimo jeusi halipigi hivyo. Ilikuwa nyota ya nyutroni, ikimeza gesi kwa kiwango ambacho nadharia ya miaka mingi ilisema hakiwezekani, kwani mwanga wake ulitakiwa uisukume gesi irudi nyuma. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, Swift ikagundua nyingine ya aina hiyo ndani ya galaksi yetu wenyewe, Swift J0243.6+6124, ikipiga kila sekunde 9.8. Taarifa za zote mbili ziliteremkia Malindi.

Tarehe 9 Desemba 2021 setilaiti iitwayo IXPE ilirushwa, ikiwa na uwezo wa kupima mwelekeo ambao mionzi inatetemeka. Kituo chake kikuu cha kushushia namba ni Malindi. Mwaka 2022 ikaelekezwa kwa Centaurus X-3 na Hercules X-1, zile zile mbili za Uhuru. Nadharia ilikuwa imetabiri kwamba sehemu kubwa ya mionzi, zaidi ya nusu, ingetetemeka kwa mwelekeo mmoja. Kwa Hercules X-1 ilikutwa chini ya asilimia 10, na kwa Centaurus X-3 chini zaidi. Sura ya ncha zile za moto ambayo vitabu vilichora kwa miaka 50 inabidi ichorwe upya. Vipimo hivyo pia vimefufua swali la siku 35: huenda nyota yenyewe, si diski pekee, inayumba.

Mwaka 2017 tukaunda Shirika la Anga za Juu la Kenya, na tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti yetu Taifa-1 ikarushwa kutoka California. Naifurahia. Lakini nchi iliyomiliki maji ambamo roketi tisa za Scout zilipaa na setilaiti zake ilistahili kuwa na wanafunzi wake ndani ya kazi hii mapema kuliko hapo. Bado mlango uko wazi: namba za Swift na za NuSTAR hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga anaweza kuuchora mzunguko wa siku 35 kwa mkono wake.

Kazi haijaisha. Chukua 4U 1626-67, ile ambayo mapigo yake ya sekunde 7.7 yaligunduliwa na SAS-3 mwaka 1977. Kwa miaka iliharakisha, kama inavyotarajiwa kwa nyota inayolishwa. Mwaka 1990 ikaanza kupunguza mwendo, ingawa ilikuwa bado inakula. Mwaka 2008 ikageuka tena, ikaharakisha, na mwangaza wake ukapanda. Mwaka 2023 ikarudi kupunguza, mwangaza ukashuka. Wengine wanasema diski inapinduka na kuzunguka kinyume, wengine wanasema usumaku unashikana na gesi kwa namna mbili zinazopokezana, na kila upande una hesabu zake. Mgeuko ujao ndio utakaoamua nani yuko karibu na ukweli, na hakuna aliyeweza bado kutaja mwaka wake.